Waingereza wa Marekani hawakuwa wamoja

Mhariri,

Tunafundishwa kwamba Waingereza ndio waliojenga makoloni ya Marekani, kana kwamba wote walikuwa na nia moja. Sivyo. Wapuriti, yaani Waprotestanti wenye msimamo mkali wa dini, wa koloni la Massachusetts walitaka kila mtoto aweze kuisoma Biblia mwenyewe, na mwaka 1647 wakatunga sheria kwamba kila mji wenye kaya 50 uwe na mwalimu. Lakini katika koloni la Virginia, kwenye mashamba makubwa ya tumbaku, Gavana William Berkeley aliandika mwaka 1671 kwamba anamshukuru Mungu hakuna shule za bure wala uchapaji. Anamshukuru Mungu! Mwaka 1831 Virginia hiyohiyo ikaharamisha mikutano ya kuwafundisha Weusi kusoma. Walimu wa historia, tafadhali msiiruke tofauti hii darasani.

Msomaji wenu,
Morogoro