Malalamiko kuhusu kofia zenu za kuogelea, na jibu mlilonipa

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Salaam aleikum na poleni na kazi. Mimi ni mteja wenu wa hapa Malindi, kazi yangu ni ususi, na nawaandikia kwa sababu ya zile kofia za kuogelea za silikoni nilizoagiza kwenye duka lenu la onlaini, zile zilizoandikwa kwenye paketi kwamba saizi ni moja na inamtosha kila mtu. Haimtoshi kila mtu. Katika kikundi chetu haikumtosha hata mmoja, na nilipowaandikia kuuliza kama mna kubwa zaidi mkanijibu nipunguze nywele au nizilainishe kwanza ndio nivae. Jibu hilo ndilo lililonikalisha chini niandike barua nzima, manake ingekuwa kofia peke yake ningesema pesa imepotea basi, lakini hili la nywele siwezi kulinyamazia.

Sisi ni kikundi cha wanawake twajifunza kuogelea. Kuna mwalimu wa chuoni, kuna wauza samaki, kuna mama wa nyumbani, kuna wasichana wamemaliza fomu foo juzi, wote wakaazi wa hapa hapa. Wakati wa kaskazi twaenda baharini upande wa Silversands maji yakijaa, lakini masika ikiingia mto Sabaki unashuka na udongo wote wa bara mpaka bahari ya mbele ya mji inageuka rangi ya chai ya maziwa, ukizamisha mkono huuoni, kwa hivyo hapo twahamia kwenye bwawa la hoteli moja ambayo imetupa saa zetu za asubuhi wanawake watupu. Sharti la bwawa ni kofia, bila kofia huingii. Sasa muone kofia kwetu si mapambo, kofia ndio tikiti ya kuingia majini, na isipoingia kichwani basi mama wa watu arudi nyumbani na mkoba wake.

Na kuogelea si anasa, msije mkatuona ni watu tulio na wakati wa kuchezea. Hapa pwani wanawake wengi wamezaliwa wanasikia mawimbi na hawajui kuelea, mashua ikipinduka anayejua kuogelea ni nahodha na vijana wake. Shirika la Afya Duniani limekadiria watu kama 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021 peke yake, na mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukaweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya kuzuia watu kufa maji. Ukimuuliza mwanamke wa hapa kwa nini hajajifunza, atakwambia mavazi, atakwambia hakuna mahali pa faragha, halafu atakwambia nywele. Nywele, kweli kabisa, manake ametoka kukaa kwa msusi tangu asubuhi mpaka alasiri na hataki chumvi iziharibu siku hiyo hiyo. Kwa hivyo anayeuza kofia ana sehemu yake katika jambo hili, apende asipende.

Niwaeleze kofia yenyewe inavyofanya. Shoga yangu mmoja ana loksi zinamfika kiunoni, amezilea miaka. Tulizikusanya juu tukazizungusha, mimi nikashika kofia upande wa mbele na mwenzangu upande wa nyuma tukavuta, ikafika juu ya masikio ikaruka. Tukavuta tena ikapasuka kuanzia ukingoni mpaka katikati, mpya kabisa, poda yake bado iko ndani. Mwengine ana afro, kwake iliingia nusu, nyuma kote nje, na alipozamisha kichwa mara ya kwanza ikavuka ikaenda zake chini ya bwawa. Mimi nimesuka mabutu madogo madogo na ndiye niliyejilazimisha nikaogelea nayo mpaka mwisho, na nilipoivua nikaona ndani ya silikoni vile vinywele laini vya pembeni mwa uso vimeng'ang'ania, vimeng'oka na mizizi yake.

Hapo kwa mpita njia ni vinywele tu. Kwa msusi ni jambo kubwa. Nywele za pembeni ndizo dhaifu kuliko zote kichwani, zikivutwa leo na kesho na keshokutwa shina linachoka, ngozi inaanza kung'ara, na ikishang'ara sana hazioti tena hata upake nini. Naziona kila wiki kwa wateja waliosukwa rasta za kukaza toka utotoni, wanakuja wameficha paji kwa mtandio wanauliza dawa na mimi sina dawa ya kuwapa. Ndio nasema kofia ya kubana hivi si usumbufu, ni kitu kinachoharibu.

Nilichukua tepu ya fundi cherehani nikapima. Kichwa changu kwenye paji, nywele zimelazwa kabisa, ni sentimita 56. Nywele zikikusanywa juu zilivyo, mzingo wa hapo panapotakiwa kofia ni 68. Kofia yenu imekatwa ya kichwa kile cha kwanza, na paketi haina kipimo hata kimoja, hakuna sentimita, hakuna kina, ni yale maneno ya saizi moja tu. Mngeandika vipimo nisingenunua, mambo yangeishia hapo.

Sasa nirudi kwa lile jibu. Mhudumu wenu aliniandikia, ninayo meseji mpaka saa hii, kwamba kofia imetengenezwa kwa kichwa cha kawaida na nywele za kawaida, na kwamba wateja wenye nywele nyingi huwa wanazipunguza au wanazilainisha. Kawaida ya nani? Duka linauza Kenya, linapokea pesa za Kenya, linapeleka mizigo Mombasa na Kisumu na Malindi, halafu nywele za kipilipili zinakuwa ndizo zisizo za kawaida. Mimi nimezaliwa nazo, mamangu kazaliwa nazo, wanangu wanazo, na kila mwanamke aliyekaa kwenye kiti changu leo asubuhi alikuwa nazo. Walahi niliisoma ile meseji mara ya pili nikahisi kama mtu amenisukuma kifuani.

Na ushauri wenyewe ni mbaya hata kwa upande wa kazi. Dawa ya kulainisha inalegeza vile vifungo vya ndani ya unywele ndio ulale, kwa hivyo unywele uliotiwa dawa tayari umepunguzwa nguvu, ukauchukue huo huo ukautie kwenye klorini mara kwa mara unakatika katikati, utazikuta kwenye taulo. Halafu kuna la afya. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake karibu 34,000 kwa takriban miaka 11, wakaona waliotumia vilainishi vya nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na hatari ya saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiotumia, yaani kufika umri wa miaka 70 ni asilimia 1.64 kwa wasiotumia na 4.05 kwa wale wa kutumia sana. Utafiti huo umeonyesha uhusiano, haujasema dawa ndiyo iliyowapa ugonjwa, na mimi mwenyewe mteja akija ameamua kutia dawa namtia na kumwelekeza, ni kichwa chake na uamuzi wake. Lakini muuza kofia kumwambia mtu akatie kemikali kichwani ili bidhaa yake iingie, hapana, hiyo si kazi yenu na msirudie kumwambia mwanamke mwengine.

Msiniambie pia hamkujua. Nyinyi mko kwenye biashara ya kuogelea, habari hizi zilizunguka dunia nzima. Mwaka wa 2021 kabla ya Olimpiki ya Tokyo shirikisho la kuogelea la dunia, wakati huo likiitwa FINA, lilikataa kofia kubwa za Soul Cap zilizotengenezwa kwa ajili ya afro na loksi na rasta, wakasema hazifuati umbo la asili la kichwa. Watu wakalalamika kila pembe, na Septemba 2022 kofia hizo zikakubaliwa. Na kwenye Olimpiki hiyo hiyo Alice Dearing akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika kuogelea kwenye Olimpiki, kilomita 10 kwenye maji ya wazi. Kwa hivyo kofia kubwa zipo, zinatengenezeka, waliokuwa wamezikataa wamezikubali, na duka lenu bado lauza saizi moja.

Jengine ni picha. Nimepitia ukurasa wenu wote wa wanawake, kofia, miwani, nguo, mifuko, kila aliyevaa ni mwenye nywele za singa zinazoteleza. Mweusi niliyemuona ni mmoja na amenyolewa kipara. Ni mrembo mashallah wala simsemi yeye, nawasema nyinyi mliochagua, manake ilikuwa rahisi kwenu kumweka asiye na nywele kuliko kuonyesha nywele zetu zinakaa vipi ndani ya kofia. Binti wa dadangu ana miaka tisa, yuko nasi kwenye bwawa na anaelea vizuri kutushinda sisi wakubwa, akaiangalia ile paketi akaniuliza, khalati, kwani hii ni ya wazungu? Nilimtafutia kwenye simu picha za Simone Manuel, aliyepata dhahabu ya mita 100 kule Rio 2016, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika kuogelea kwenye Olimpiki, mtoto akaikodolea macho. Picha hiyo nilimtafutia mimi, wakati nyinyi ndio mnaouza.

Na ile nguo yenu ndefu ya kusitiri pia niiseme kwa sababu wenzangu watatu wameinunua. Nguo za aina hiyo zipo tangu 2004 alipoibuni Aheda Zanetti kule Australia, si kitu kigeni, lakini kilemba chake kwenye hii yenu kimeshonwa chembamba hivi kwamba mwenye nywele za kusuka hakimuingii, na akikiacha wazi kinajaa maji kinamvuta shingo nyuma. Kitambaa chenyewe ni kizuri, hakichuji na kinakauka haraka, nawapa haki yenu hapo. Kilemba ongezeni upana tu.

Wala hatuwaombi miujiza. Twajua hakuna kofia inayozuia maji yote. Sisi wenyewe kabla ya kuingia tunazilowesha nywele kwa maji matamu mpaka zishibe, manake unywele ukishajaa maji hayo haunywi klorini nyingi, halafu mafuta ya nazi, ambayo bibi zetu walikuwa wakichemsha tui wenyewe, na kuna utafiti wa 2003 uliochapishwa ulioonyesha mafuta ya nazi yanaingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Halafu twasuka matuta ya kulala ndio tuvae. Tukitoka twaosha na kutia kondishona. Kazi yetu twaifanya. Kilichobaki ni kofia yenye nafasi.

Kuhusu pesa, mliniambia hamrudishi kwa sababu paketi zimefunguliwa. Sasa nitaijua vipi kofia inanitosha bila kufungua paketi na vipimo hamkuandika? Katiba yetu kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua, na Sheria ya Kumlinda Mteja ya 2012 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya kupotosha. Kumwambia kila mtu inamtosha na haimtoshi, ni kupotosha. Nataka pesa ya kofia zote irudi kwenye namba ile ile niliyolipia, pamoja na ya kusafirisha, ikiwemo ya ile iliyopasuka.

Pia nataka yale maneno ya saizi moja yaondoke kwenye paketi na kwenye duka, muandike sentimita za mzingo na za kina kama viatu vinavyoandikwa namba, muagize saizi kubwa angalau mbili, moja ya afro na rasta fupi na moja ya loksi na rasta ndefu, za kitambaa laini kwa ndani ili zisinyofoe pembeni. Mkizipata nileteeni sampuli hapa saluni kwangu kabla hamjaweka bei, tutazijaribu kichwa kwa kichwa, niwaandikie ipi inaingia na ipi inavuka, sitawatoza kitu. Mkitaka na picha wenzangu wawili wameshakubali kupigwa, mradi walipwe kama mnavyowalipa hao wengine.

Na huyo mhudumu simtakii afutwe kazi, pengine alisoma alichoandikiwa. Nataka alichoandikiwa kibadilishwe, na nataka msamaha kwa maandishi, ufike kwangu nami niwasomee wenzangu wote.

Namba ya oda na risiti zimo kwenye barua pepe hii pamoja na picha za kofia iliyopasuka na za vipimo. Kofia zilizobaki nimeziosha nikazikausha, ziko saluni zimefungwa kwenye paketi zake, mletaji wenu anaweza kuzichukua siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Nangojea jibu ndani ya siku 14, likiwa kimya nitaupeleka ushahidi huu kwa wanaoshughulikia haki za wateja.

Wenu mteja,
Msusi, Malindi