Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukali Tunaouzaa Wenyewe

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wafugaji wa mbwa,

Kwa kawaida taarifa hii huanza na idadi ya mikutano na hali ya akaunti yetu. Mwaka huu nitaanza na mtoto wa miaka sita wa huko Kasarani aliyeshonwa shavu, kwa sababu mbwa aliyemuuma alizaliwa uani kwangu.

Wengi wenu mlizisikia habari hizo na mkanipigia simu kunipa pole. Nawashukuru, ingawa waliostahili pole ni mtoto na mama yake. Mbwa mwenyewe ni dume wa German Shepherd wa miaka miwili, mwenye karatasi zote za nasaba. Mtoto alifuata mpira hadi karibu na banda, na mlango wa banda ulikuwa umeegeshwa tu. Mwenye mbwa si mtu mbaya. Alimlisha vizuri, akamchanja kila mwaka, na akafuata shauri ambalo kila mtu Nairobi hupewa na jirani: mfungie mchana, mfungulie usiku, asizoeane na watu, ndivyo atakavyokuwa mkali. Getini kwake kuna kibao kile tunachokijua sote, MBWA KALI.

Nilipokwenda kuwaona, mama wa mtoto aliniuliza swali moja tu: "Na huyo mama yake mbwa, yeye ana tabia gani?" Nilikosa la kusema, na si kwamba jibu sikuwa nalo. Jike wangu ni mzuri wa umbo na rangi, na kila anayemwona humsifu. Lakini mgeni akiingia uani, hujificha nyuma ya pipa la maji, na mara mbili alimrukia fundi wa bomba aliyekuwa amempa mgongo. Niliyaona hayo, nikampandisha hivyo hivyo kwa sababu wanunuzi walikuwa wanasubiri. Watoto wake nao niliwatoa wakiwa na majuma matano, maana Januari ilikuwa imefika na karo ilikuwa inadaiwa.

Nimeona ni haki myasikie haya kutoka kinywani mwangu kabla sijawaomba mbadilishe lolote katika ufugaji wenu.

Tuanze na neno lenyewe, ukali. Sisi huliita jina moja mambo mawili tofauti. Kuna mbwa anayejiamini, anayebweka geti likigongwa, kisha anatulia mwenye nyumba akimkaribisha mgeni. Na kuna mbwa anayetetemeka ndani kwa ndani, anayeuma kwa sababu haoni njia nyingine ya kumwondoa yule anayemtisha. Mbwa wengi wanaouma majumbani ni hao wa pili. Wana hofu, na hofu yao huonekana mapema kwa mwenye kuitazama: hulamba midomo bila kuona chakula, hupiga miayo, hugeuza kichwa, weupe wa jicho hutokeza, mwili huganda. Baadaye ndipo hunguruma. Mbwa anayechapwa kila anapounguruma hujifunza kunyamaza, na siku atakapouma tutasema ameuma bila onyo.

Maumivu pia huleta ukali. Mbwa mwenye sikio bovu, jino lililooza au nyonga zinazosagana anaweza kumgeukia hata aliyemlea. Mbwa mtulivu akibadilika ghafla, mpelekeni kwa daktari wa mifugo kabla ya kumpeleka kwa mkufunzi.

Sasa niliongelee jambo lililozua ubishi mkubwa katika mikutano yetu, yaani aina za mbwa. Wako wenzetu waliopendekeza chama kiwakataze wanachama kufuga Rottweiler na Boerboel, tubaki na aina zinazoitwa za upole. Nawaelewa, na najua pendekezo hilo limetoka kwenye uchungu wa kweli. Lakini Uingereza ilijaribu njia hiyo. Sheria yao ya mwaka 1991 ilipiga marufuku aina nne kwa majina. Zaidi ya miaka 30 baadaye ililazimika kuongeza jina la tano, XL Bully: kuwazalisha na kuwauza kukakatazwa mwishoni mwa 2023, na kuwa naye bila kibali maalumu kukawa kosa kuanzia Februari 2024. Wakati huohuo, utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2022, uliohusisha zaidi ya mbwa 18,000, ulionyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine.

Baadhi yenu mlishangilia takwimu hiyo nilipoisoma mkutanoni, mkasema basi damu haina neno, ni malezi tu. Hapo tusikubaliane haraka. Utafiti uleule ulionyesha kwamba tabia nyingi za mbwa hurithiwa kwa kiasi fulani. Kinachokosea kutabiri ni jina la aina. Mama na baba wa mbwa aliye mbele yako wanakueleza mengi zaidi.

Kuhusu hili napenda mfano wa mbweha wa Siberia. Mwaka 1959 mwanasayansi wa Kisovieti, Dmitry Belyaev, alianza kuwazalisha mbweha karibu na Novosibirsk kwa kuangalia jambo moja tu: mbweha anafanya nini mkono wa mtu unapomkaribia. Walio watulivu ndio waliopandishwa. Ndani ya vizazi vichache walizaliwa watoto wanaotikisa mkia wakimwona mtu. Baadaye ukaanzishwa ukoo mwingine, wa kuchagua walio wakali zaidi, nao ukazidi kuwa mkali. Na watoto wa mama wakali walipolelewa na mama wapole, walikua wakali vilevile. Nikisoma hayo namkumbuka jike wangu nyuma ya pipa la maji. Sikuwa Siberia, wala sikuwa na mbweha hata mmoja, lakini kazi niliyokuwa naifanya ni ileile ya ukoo wa pili. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nachagua rangi, hofu ikafuata nyuma yake.

Malezi nayo yana wakati wake, na wakati huo ni mfupi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kuanzia juma la tatu hadi kama la 12 au la 14, mtoto wa mbwa hujifunza kilicho cha kawaida duniani. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyowalea watoto wa mbwa bila kuguswa na binadamu. Waliokaa hivyo hadi juma la 14 waliwakimbia watu, na ilikuwa kazi ngumu mno kuwarudisha. Ndani ya majuma hayo pia, kwa kucheza na ndugu zake, mtoto hujifunza kupunguza nguvu ya meno: akimbana mwenzake sana, mwenzake hulia na mchezo huisha. Tukimtoa akiwa na majuma matano, tunamnyima walimu hao, na mwalimu wa kwanza wa meno yake anakuwa mtoto wa mnunuzi.

Hapa Nairobi tuna mtego mwingine. Kwa kuogopa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua vijibwa, na hofu hiyo ni ya haki maana sote tumezika vijibwa, mnunuzi humfungia mtoto hadi chanjo zote ziishe. Chanjo zikiisha, dirisha la kujifunza limekwishafungwa. Wala si lazima mtoto aguse ardhi ndipo ajifunze. Mbebeni mkononi. Simameni naye stendi ya boda boda kwa dakika 10, aone kofia za helmeti na asikie honi za matatu. Aonyeshwe mtu mwenye mwavuli, mzee mwenye mkongojo, mlinzi mwenye rungu, watoto waliovaa sare za shule wakipiga kelele jioni. Mwombeni jirani asiyefuga mbwa ampe kipande cha chakula. Mama mmoja mwanachama wetu wa mtaa wa Utawala amefanya hivyo kwa uzao mzima, kila siku mtoto mmoja kwa zamu, akiwa na kikapu chake cha sokoni. Nimewatembelea watoto hao wakiwa sasa wakubwa. Wanalinda ploti zao vizuri, na wanajua mtu wa gesi si mwizi.

Baada ya mashauriano marefu, kamati imepitisha taratibu ambazo leo naomba mzithibitishe. Hakuna mtoto atakayeondoka kwa mama yake kabla ya majuma manane, hata mnunuzi akija na pesa taslimu mkesha wa Krismasi. Jike hatapandishwa kabla ya kutimiza miaka miwili, na kabla ya hapo wanachama wawili asiowajua watamtembelea nyumbani kwake na kuandika walichokiona. Akiwa anajificha, anaganda au anarusha meno, hapandishwi, awe na nasaba ya namna gani. Dume naye atapimwa vivyo hivyo, maana tumezoea kumlaumu mama peke yake. Kwa aina kubwa, nyonga zipigwe eksirei kwanza. Mnunuzi lazima amwone mama wa mtoto ana kwa ana. Ukikutana na muuzaji anayetoa vijibwa kwenye buti la gari kando ya barabara, huyo amekwishakujibu swali la mama yuko wapi.

Utaratibu wa mwisho ndio uliopingwa zaidi: mwanachama atampokea tena mbwa aliyemzalisha, wakati wowote wa maisha yake, aliye naye akishindwa. Najua nafasi ni finyu na chakula ni ghali. Lakini mbwa aliyemshinda mwenyewe na asiye na pa kurudi huishia kwenye mnyororo, au hutupwa usiku mtaa wa mbali na kugeuka mbwa koko. Dume yule aliyemuuma mtoto yuko nyumbani kwangu sasa. Daktari na mkufunzi wanamshughulikia, anavaa kifunga mdomo akitolewa nje, na amehasiwa. Sitawaahidi kwamba atapona hofu. Mama yake naye amefungwa uzazi.

Kuna mwenzetu aliyesimama na kuuliza, kwa uaminifu kabisa, tutamuuzia nani mbwa mpole katika mji huu ambao kila mtu anataka mkali. Swali hilo ni zito, kwa sababu watu wanaogopa wezi na wana sababu ya kuogopa. Jibu langu ni kwamba mnunuzi anataka kulala usingizi. Mbwa anayejiamini atamwamsha pale mwizi anaporuka ukuta. Mbwa mwenye hofu atamwamsha kwa kila paka, kisha atamuuma mpwa wake siku ya sikukuu. Tukimweleza hivyo tangu mwanzo, wengi wataelewa. Ndiyo maana kamati inaomba pia neno "mkali" liondolewe kwenye matangazo yetu yote.

Kuhusu kichaa cha mbwa nitasema kwa ufupi, maana zoezi letu la chanjo mnalijua. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na ili ugonjwa ukatike inatakiwa angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Tutashiriki tena tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Taarifa ya fedha ataisoma mweka hazina. Michango imelipwa vizuri, na namshukuru yeye pamoja na katibu kwa subira yao.

Mtoto wa Kasarani amepona, kovu limebaki. Mama yake ameniruhusu niwaambie kwamba mtoto bado huvuka barabara akimwona mbwa yeyote. Ameomba tukitengeneza mafunzo ya shuleni kuhusu namna ya kukaa karibu na mbwa, tuanze na shule ya mwanawe, na kamati imekubali. Tunahitaji mbwa watatu watulivu kwa siku hiyo na watu wa kuwashika. Daftari la kujiandikisha liko kwa katibu, na wenye majike wanaotarajia kuzaa kabla ya Aprili wamwone yeye pia, leo, kabla hatujaachana.

Mwenyekiti,
Nairobi