Mwalimu wa sayansi asipimwe kwa madaktari aliowatoa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niongeze neno juu ya makala ya kumkumbuka mwalimu wetu wa sayansi, ambayo gazeti lako liliichapisha siku chache baada ya mazishi yake. Makala ilikuwa nzuri na yenye heshima, na sisi tuliofundishwa naye tunaishukuru. Jina lake silirudii hapa kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Waliosoma makala ile wanamjua, na wasiomjua pengine watamwona katika mwalimu wao wenyewe.

Lililonifanya nishike kalamu ni namna mwandishi alivyoipima kazi yake. Aliwataja madaktari, wahandisi na wafamasia waliopita mikononi mwake, akaishia hapo, kana kwamba sisi wengine tulioketi kwenye madawati yale yale tulikwenda kupoteza muda. Katika darasa lolote la sayansi, wengi hawaendelei na sayansi. Mimi ni karani wa mahesabu, na tangu nilipomaliza shule sijashika chupa ya tindikali, lakini nathubutu kusema kwamba kazi yake kubwa zaidi aliifanya kwetu sisi, maana daktari angefundishwa na wengine wengi baada yake, ilhali sisi hatukuwa na mwalimu mwingine wa sayansi hadi leo.

Nieleze kwa somo moja. Vitabu vingi vya shule vina jaribio la mshumaa unaosimamishwa kwenye sahani ya maji na kufunikwa kwa bilauri. Mshumaa huzimika, maji hupanda ndani ya bilauri, na kitabu hueleza kwamba yamepanda ili kujaza nafasi ya oksijeni iliyoteketea. Na kwa kuwa oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa, maji yanatakiwa kufikia takriban sehemu moja ya tano ya bilauri. Ni maelezo yanayopendeza, tena rahisi kukariri. Mwalimu alifanya jaribio hilo kama kitabu kilivyoagiza, akatuacha tuandike jibu la kitabu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia: maji yalipanda wakati gani? Tulipotazama tena, safari hii macho yakiwa kwenye maji na si kwenye mwali, tuliona kwamba muda wote mshumaa ulipokuwa ukiwaka maji yalitulia karibu pale pale, na kwamba yalipanda kwa kasi pale moto ulipofifia na kuzimika. Kama oksijeni inayoliwa ndiyo iliyoyavuta, yangepanda polepole kadiri mwali ulivyoendelea kuwaka. Halafu akasimamisha mishumaa mitatu chini ya bilauri ile ile, na maji yakapanda juu zaidi, ingawa hewa iliyofunikwa haikuwa imeongezeka.

Jibu hakulitoa siku ile. Alifuta ubao, akachukua vitabu vyake, akatoka, nasi tukabaki tunabishana mpaka mmoja wetu alipoona viputo vidogo vikitoka chini ya ukingo wa bilauri mara tu ilipofunikwa. Hapo mambo yakafunguka. Joto la mwali hutanua hewa, na sehemu yake hutoroka kwa viputo. Moto ukizimika, hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, na mgandamizo wa hewa ya nje huyasukuma maji ndani. Mishumaa mitatu hupasha hewa zaidi kuliko mmoja. Isitoshe, mshumaa huzimika kabla oksijeni haijaisha, na ile inayotumika haiachi nafasi tupu tu, kwa kuwa kuungua huzaa kabonidioksidi na mvuke wa maji. Hakukidhihaki kitabu wala aliyekiandika. Alichodai ni kwamba katika daftari ukurasa ugawanywe kwa mstari, upande mmoja tuandike tulichokiona na upande wa pili tunachodhani, na ole wake aliyechanganya.

Mstari huo ndio uliotufuata maishani. Mwenzetu mmoja ni fundi wa pikipiki. Akiletewa chombo kisichowaka, hubadilisha kitu kimoja tu, akakijaribu, ndipo aguse kingine, na haoni aibu kumwambia mwenye chombo kwamba bado hajajua. Mwingine, ambaye alama zake za sayansi zilikuwa za kusikitisha, alipouguza mtoto aliandika kila kipimo cha joto pamoja na saa yake, hivi kwamba daktari aliyempokea hakuwa na haja ya kukisia homa ilianza kupanda lini. Mimi mwenyewe, hesabu zikikataa kuoana mwisho wa mwezi, hutenga kwanza kilichoandikwa kwenye stakabadhi na ninachohisi juu ya aliyeziandika.

Kisa alichopenda kutusimulia ni cha Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba nchini Tanganyika (Tanzania ya leo), aliona mchanganyiko wa maziwa ya aiskrimu ulioingizwa kwenye jokofu ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa. Alipouliza, mwalimu wake alimwambia kwamba amejichanganya, na swali lake likageuzwa mzaha. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimwuliza mgeni wa shule, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, ambaye badala ya kucheka alirudi kulipima jambo lenyewe; mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala, na wanasayansi wanabishana juu yake hadi sasa. Wengine humsimulia Mpemba kama shujaa. Mwalimu wetu alikawia zaidi kwa yule mwalimu aliyecheka, na sidhani alifanya hivyo kwa bahati mbaya.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mkali, na karibu kila mwaka alichelewa kumaliza silabasi, jambo lililowafanya wazazi walalamike. Wala malalamiko yao hayakuwa ya bure, maana mtihani hausubiri mtu amalize kubishana kuhusu viputo. Wapo waliopoteza alama kwa ajili hiyo. Lakini nikiulizwa leo, ningechagua tena darasa lake.

Nimesikia kwamba baadhi ya wanafunzi wake wa zamani wanakusudia kuanzisha zawadi ya kila mwaka kwa jina lake, itakayopewa mwanafunzi mwenye alama za juu kabisa katika mtihani wa sayansi. Nia ni njema, ila nawaomba waifikirie upya. Mwenye alama za juu tayari ana vyeti na pongezi. Zawadi hiyo ingemfaa mwanafunzi mwenye daftari bora la majaribio, awe wa kwanza au wa mwisho darasani, mradi ameandika alichokiona kwa uaminifu, yakiwemo majaribio yaliyoharibika, ambayo mwalimu wetu aliyasahihisha kwa makini kuliko yaliyofaulu. Waandaaji wakikubali, mchango wangu uko tayari, na kazi ya kuyasoma madaftari hayo naweza kuifanya bila malipo.

Wako,
Mwanafunzi wake wa zamani