Madoa Meupe kwa Samaki wa Tanki: Pima Maji Kabla ya Kununua Dawa

Wateja wengi wanaokuja dukani kuulizia dawa ya samaki huanza na jina la dawa. Wameambiwa na jirani au wameiona kwenye video, na wanataka chupa ileile. Sisi huanza na maswali manne: tanki lina muda gani tangu litiwe samaki, maji yanatoka wapi, mara ya mwisho uliyabadilisha lini, na sponji ya filta uliiosha kwa maji gani. Majibu hayo hutuelekeza kwenye ugonjwa mara nyingi kuliko picha ya samaki mwenyewe.

Vimelea na bakteria wengi wanaowaua samaki wa mapambo huwa wamo majini tangu mwanzo, au huingia na samaki mpya. Samaki mwenye afya hujikinga kwa ute unaomfunika mwili mzima. Amonia, klorini na baridi ya ghafla huuharibu ute huo na kuunguza matamvua, na hapo ndipo ugonjwa hupata njia. Ukitia dawa kwenye maji yaleyale mabaya, umemwongezea mgonjwa mzigo wa pili.

Amonia hutoka kwenye uchafu wa samaki na chakula kilichobaki chini. Katika tanki lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sponji na changarawe huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina ukali huo. Bakteria hao huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Ndiyo maana tanki jipya lililojazwa samaki siku moja huonekana safi kabisa, maji yanang'aa, huku samaki wakihema juujuu na kuanza kufa. Kipimo kizuri ni amonia 0, nitriti 0, na nitrati isiyozidi miligramu 40 kwa lita.

Ukali wa amonia unategemea joto na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Kwenye nyuzi 28, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yote katika hali ya sumu. pH ikiwa 8, sehemu hiyo hupita asilimia 6. Wanaotumia maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kama ilivyo Zanzibar na Mombasa, walizingatie sana hili, kwa sababu maji hayo yana chokaa nyingi na pH yake aghalabu iko juu. Kiasi cha amonia ambacho tanki la mwenzako linakivumilia, lako linaweza lisikivumilie.

Maji ya bomba yana tatizo lake, klorini. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi, pampu ya hewa ikifanya kazi, kwa saa 24. Ukiwa na haraka tumia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Na sponji ya filta usiioshe chini ya bomba hata siku moja: klorini huua bakteria uliowalea kwa wiki kadhaa. Ikamue ndani ya ndoo yenye maji yaliyotoka tankini, basi. Haihitaji kuwa nyeupe.

Madoa meupe

Huu ndio ugonjwa tunaoulizwa zaidi. Samaki huwa na vidoa kama punje za chumvi kwenye mapezi na mwilini, hujisugua kwenye mawe na changarawe, hukunja mapezi, na ukizidi huhema kwa kasi. Anayeuleta ni kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kwa wenye goldifishi tunatoa tahadhari moja: dume aliye tayari kuzaa huota vipele vyeupe, vimejipanga kwenye kifuniko cha matamvua na kwenye mfupa wa mbele wa mapezi ya ubavuni. Huo si ugonjwa, usimtie dawa.

Ili dawa ifanye kazi ni lazima ujue kimelea kinavyoishi. Kile kidoa unachokiona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, na hapo dawa ya majini haikifikii. Kikishiba hudondoka chini, hujifunika gamba, na ndani yake hugawanyika kuwa mamia ya watoto. Watoto hao hutoka na kuogelea kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku moja au mbili, hufa. Ni hao waogeleaji tu ambao chumvi na dawa huwaua. Kwa hiyo anayetia dawa siku tatu, akaona madoa yamedondoka na kuacha, amesimama wakati ambapo kizazi kipya kinaanguliwa. Baada ya siku chache samaki hurudiwa na madoa mengi kuliko ya kwanza, na lawama zote huiendea dawa.

Joto huharakisha mzunguko huo. Kwenye nyuzi 25 na kuendelea humalizika ndani ya siku chache tu. Maji yakiwa baridi huweza kuchukua wiki kadhaa. Jijini Nairobi na Arusha, na hata Pwani miezi ya Juni hadi Agosti, tanki lisilo na hita hupoa usiku na kupata joto mchana, na ndicho kipindi madoa meupe hushamiri.

Tiba huanzia kwenye hesabu ya maji. Zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, ugawe kwa 1,000. Tanki lenye urefu wa 80, upana wa 35 na maji ya kimo cha 36 ni kama lita 100. Toa asilimia 10 kwa ajili ya changarawe na mawe, zinabaki lita 90. Watu wengi hukisia hapa, na kukisia ndiko kunakoua samaki kwa dawa.

Badilisha robo ya maji na ufyonze uchafu wa chini kwa mpira, maana vifuko vya vimelea vimelala huko. Kisha tia chumvi ya mawe ya kawaida, gramu 2 kwa kila lita, yaani gramu 180 kwa tanki letu la mfano. Ipime kwenye mizani, iyeyushe kwenye ndoo, na igawe mafungu matatu ya gramu 60, moja kila baada ya saa 12. Pandisha joto kwa hita hadi nyuzi 30, nyuzi moja kila baada ya saa mbili. Ongeza hewa, kwa sababu maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni pungufu: kama miligramu 7.5 kwa lita, wakati maji ya nyuzi 20 hubeba 9. Endelea kwa siku 10 hadi 14, na usiache kabla ya siku tatu kupita tangu doa la mwisho lilipotoweka.

Kila unapobadilisha maji, rudisha chumvi ya yale uliyotoa tu: lita 25 zikitoka, gramu 50 zirudi. Maji yaliyopungua kwa kukauka yajazwe bila chumvi, kwani chumvi haikauki pamoja nayo. Kambare wadogo na mimea mingi hawaivumilii chumvi vizuri. Kwao tegemea joto kuliko chumvi, na kama ni lazima dawa, nusu ya kipimo.

Dawa za rangi ya kijani zenye malakaiti hufanya kazi pale chumvi inaposhindwa. Toa mkaa kwenye filta kwanza, la sivyo mkaa huo utafyonza dawa yote. Vaa glavu. Na usiitumie kamwe kwa samaki watakaoliwa, wala kumwaga maji yake kwenye bwawa la sato au perege. Nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa samaki wa chakula.

Usipandishe joto kwa kila ugonjwa

Kuna utando mweupe unaofanana na pamba, mdomoni au mgongoni mfano wa tandiko. Wengi huuita ukungu, lakini mara nyingi ni bakteria, Flavobacterium columnare, na joto humpa nguvu. Samaki anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Hapa shusha joto polepole hadi nyuzi 24 au 25, mtenge mgonjwa, na utafute dawa ya bakteria mapema. Ukungu wa kweli huota juu ya kidonda au samaki aliyekwisha dhoofu, una nyuzinyuzi ndefu, na hauendi kwa kasi hiyo.

Vidonge vya tetrasaiklini vya binadamu tunawasihi mviache. Katika maji magumu dawa hiyo hushikamana na chokaa na kupungua nguvu, huku ikiwadhuru bakteria wa filta. Siku chache baadaye amonia inapanda, na sasa una matatizo mawili.

Kwa wenye mbuna wa Ziwa Nyasa, tumbo kuvimba na kukataa chakula kunahitaji haraka. Mbuna wengi hula mwani. Vyakula vya nyama na mafuta huwachosha utumbo. Metronidazoli, miligramu 250 kwa lita 40, kila baada ya siku mbili pamoja na kubadilisha robo ya maji, husaidia akiwahiwa. Magamba yakishasimama kama koni ya msonobari, matumaini huwa madogo.

Samaki mpya mweke peke yake kwa wiki mbili hadi nne. Beseni la lita 30 hadi 40 lenye filta ya sponji linatosha.

Tukupimie maji: jaza chupa safi ya nusu lita, isiyowahi kuwa na sabuni, hadi juu kabisa, funga, ulete siku hiyohiyo. Chota kabla ya kubadilisha maji, si baada. Andika vipimo vya tanki, idadi ya samaki, na kila ulichokwisha kutia, hata kama ni kidonge kimoja. Bila hilo hatuwezi kukupa dawa nyingine kwa usalama.