Sauti ya upole si imani vuguvugu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaodai kwamba wimbo wa injili usiotikisa vipaza sauti hauna upako. Hoja hii naisikia kila mara hapa Kisauni, na hata katika kwaya yetu waimbaji wawili wenye sauti nyororo wamerudishwa safu ya nyuma kwa sababu, eti, hawachangamshi waumini.

Wanaosema hivyo ningependa wamtazame Cliff Richard, mwimbaji wa Uingereza aliyezaliwa Lucknow, India, mwaka 1940. Alikuwa ameshavuma kwa muziki wa roki tangu 1958 aliposimama katika mkutano wa injili wa Billy Graham, ukumbini Earls Court, London, Juni 1966, akatangaza hadharani kwamba anamwamini Kristo. Siku hizo alidhani itambidi auache muziki awe mwalimu. Lakini alibaki jukwaani, akaziimba nyimbo za mapenzi na za dini kwa sauti ile ile tulivu, na imani aliyoitangaza akiwa kijana wa miaka 25 ameishika hadi uzeeni.

Mwaka 1999 aliimba Sala ya Bwana kwa lahani ya wimbo wa kale wa Waskoti wa kuuaga mwaka. Kampuni iliyokuwa ikitoa rekodi zake ilikataa kuutoa wimbo huo, na baadhi ya redio zikakataa kuucheza. Kampuni ndogo ikauchukua, nao ukashika nafasi ya kwanza nchini Uingereza kwa wiki tatu, mapato yakienda kuwasaidia watoto. Maneno yake mengi, Mhariri, ni yale yale tuliyokaririshwa tungali wadogo, "Baba yetu uliye mbinguni", wala hakuyaongezea kishindo chochote.

Marehemu baba yangu alikuwa na kaseti moja ya mwimbaji huyu. Utepe ulipolegea aliuzungusha taratibu kwa kalamu ya risasi, akapuliza vumbi, ndipo akairudisha kaseti kwenye redio. Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyekuwa akikaanga mahamri ng'ambo ya ukuta kila alfajiri, hakuwahi kulalamika hata Jumapili moja. Na baba alipougua, ni yeye aliyebisha hodi kuuliza mbona siku hizi kumekuwa kimya. Sijui ni jirani gani leo angeukosa muziki tunaomfungulia kwa nguvu saa kumi na mbili asubuhi.

Nawasihi walimu wa kwaya na watangazaji wa vipindi vya Jumapili wawape nafasi waimbaji wa namna hii. Wale wawili wetu hawajakosa mazoezi hata Alhamisi moja, na natamani kuwasikia wakiongoza ubeti mmoja kabla ya Krismasi.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa