Malalamiko kuhusu tripodi ya miguu ya gololi iliyoandikwa "kilo 1"

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: TRIPODI NDOGO ZISIZOHIMILI UZITO ULIOTAJWA KWENYE BOKSI

Tumepokea jibu la idara yako kwamba tripodi tulizorudisha, yaani vile vistendi vya kamera vya miguu mitatu inayopindika, iliyoungwa kwa gololi na vikombe vya plastiki, "zimetumika isivyo" na kwamba dhamana haizihusu. Hatulikubali jibu hilo. Sisi ni wapiga picha wa ridhaa, na tripodi za aina hii ndizo tunazotembea nazo, maana zinaingia kwenye begi dogo na kushika mahali ambapo tripodi ndefu haina pa kusimama. Tunaeleza kasoro ilipo ili atakayelifungua tena faili hili asirudie jibu lile lile.

Boksi linasema tripodi inabeba kilo 1. Boksi hilo hilo, upande wa mbele, lina picha ya tripodi iliyozungushiwa bomba la ngazi huku kamera ikiwa imejitokeza pembeni. Maandishi na picha hiyo havipatani. Kilo 1 inabebeka miguu ikiwa imesimama mezani, kwa sababu uzito unashuka kupitia miguu yenyewe na viungo havisukumwi sana kando. Kwenye bomba hali ni nyingine: kiungo kinalemewa na uzito pamoja na umbali wake. Chukua kamera na lenzi zenye jumla ya gramu 800. Zikitoka sentimita 2 kwenye kiungo hadi sentimita 10, nguvu ya kukipindua inakuwa mara tano, ingawa mzani bado unasoma gramu 800 zile zile. Kinachouzuia mguu usifunguke ni msuguano tu wa gololi ya plastiki ndani ya kikombe chake, hakuna kufuli. Ndiyo maana kiungo cha kwanza na cha pili kutoka kwenye kitovu, pale miguu inapokutana, ndivyo huachia mwanzo. Tena haviachii ghafla. Vinashuka polepole kiasi ambacho jicho halioni, lakini picha ambayo kamera huipokea kwa nusu sekunde inatoka imetikisika, na mwenye kamera anaanza kuilaumu lenzi.

Kuhusu matumizi: mguu mmoja huzungushwa kulia na wa pili kushoto, kila mmoja angalau mzunguko mmoja na nusu, kisha wa tatu hukandamizwa kwenye bomba chini ya kamera uwe mhimili. Kamera husogezwa karibu na bomba kadiri inavyowezekana. Kamba yake hufungwa pembeni kama tahadhari, kidhibiti mtikisiko cha lenzi huzimwa, na picha hupigwa kwa kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiiguse kamera wakati shata, pazia la kuingizia mwanga, inafunguka. Yote hayo yalifanyika. Kijitabu chenu hakitaji hata moja, kwa hiyo tunajiuliza matumizi sahihi mnayoyapimia ni yapi.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Fungeni miguu miwili kwenye bomba la milimita 25, tundikeni chupa ya nusu lita ya maji, yaani gramu 500 na kidogo, sentimita 10 kutoka kwenye bomba, wekeni alama ya penseli ukutani usawa wa chupa na msubiri dakika 10. Huo ni nusu tu ya uzito mnaoutaja. Kwa tripodi tulizowarudishia, chupa inashuka chini ya alama hiyo.

Gololi kuchomoka siyo lalamiko letu. Mguu ukipindwa kupita pembe yake gololi hutoka, unairudisha kwa kuisukuma moja kwa moja bila kuisokota, kazi inaendelea. Tunacholalamikia ni mdomo wa kikombe, ambao ni mwembamba mno. Kila gololi inapotoka na kurudi, mdomo unatanuka na kupoteza sehemu ya mkazo wake, halafu plastiki inafanya weupe, kisha ufa. Vueni pete ya raba kwenye kiungo cha kwanza cha tripodi tulizorudisha mtauona weupe huo. Fundi aliyezikagua hakuzivua pete. Gundi ya kiwandani inayozishika bado ipo. (Tripodi za aina nyingine, zenye miguu ya waya, nazo zina ugonjwa wake: waya wa alumini hukatika ukipindwa huku na huku mahali pamoja, hasa unapoingia kwenye kitovu. Lakini angalau wenyewe hautelezi.)

Skrubu ya kichwa, inayoishika kamera, ni kasoro ya pili, na pengine ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu inaharibu kamera, siyo tripodi. Kipenyo chake ni sahihi, robo inchi yenye hesi 20 kwa kila inchi. Urefu ndio tatizo. Inatokeza milimita 6.5 juu ya raba ya kichwa, wakati vijitabu vya baadhi ya kamera vinataka skrubu iwe chini ya milimita 5.5. Matokeo yake ncha inagota mwisho wa tundu la kamera kabla raba haijaishika kamera. Kamera inabaki inacheza, mtu anadhani hajakaza, anaongeza nguvu, na tundu linaharibika. Kwa sasa tunaweka washa (kipete bapa) ya raba yenye unene wa milimita 1.5 katikati, lakini kukata washa si kazi ya mteja.

Halafu kuna picha za wima. Kamera ikilazwa ubavu kwenye mkato ulio pembeni mwa kichwa, uzito wa lenzi huizungusha kamera kwenye skrubu. Ikielekezwa upande mmoja uzito unaikaza, ikigeuzwa upande wa pili unailegeza. Mchoro wa kijitabu chenu unaonyesha upande unaolegeza. Kibanio cha simu nacho kinabana kitufe cha sauti, na kwa kuwa programu nyingi za kamera hutumia kitufe hicho kupigia picha, simu inajipigia yenyewe mfululizo. Hilo ni dogo, mkilitengeneza tutashukuru.

Tunaomba yafuatayo. Kwanza, turudishiwe fedha kamili kwa tripodi zote tulizorudisha, pamoja na gharama ya kuzituma. Pili, boksi litaje uzito kwa hali mbili: miguu ikisimama, na miguu ikizungushiwa bomba kamera ikiwa sentimita 10 nje, au picha ya bomba iondolewe. Tatu, skrubu ifupishwe, na walionunua toleo la sasa watumiwe washa bure. Nne, muuze viungo vya miguu kimoja kimoja. Kikombe kimoja kikipasuka hakuna sababu ya kutupa tripodi nzima, na viungo hivi vinabadilishwa kwa mkono bila kifaa chochote.

Tumeambatisha nakala za risiti, picha za weupe wa vikombe na za skrubu ikiwa kwenye kipimo. Tunataka jibu la maandishi ndani ya siku 14, lenye maelezo ya jinsi kilo 1 ilivyopimwa. Barua nyingine ya "zimetumika isivyo" tutaipeleka pamoja na hii kwa mamlaka ya kulinda watumiaji.

Wenu,
Wapiga picha wa ridhaa, wateja wenu