Tawi la mti halitoshi kutuonya barabarani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu barabara ya Morogoro, hasa kipande cha Kibaha hadi Chalinze, ambacho nimekipita na lori kwa miaka ishirini na sita kabla goti halijanigomea kwenye klachi.

Kila lori nililokabidhiwa lilikuwa na panga nyuma ya kiti. Wasioijua kazi hii walidhani ni la kujihami. Lilikuwa la kukatia matawi. Gari likikufia njiani, utingo anaruka nalo chini kabla hata hujajua kilichokufa ni nini, anakata mti wowote ulio karibu, uwe wa porini au wa mtu, na kuyatandaza majani kwenye lami akirudi nyuma. Anayekuja akiona majani mabichi barabarani anaelewa kwamba mbele kuna gari limekwama. Sikumbuki kama kuna mwalimu wa udereva aliyenifundisha hilo, lakini kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma hakuna dereva asiyeisoma lugha hiyo.

Usiku mmoja tulikwama baada ya Mlandizi, saa nane kasoro, mwezi hakuna. Utingo wangu alitandaza majani mpaka hatua kama hamsini nyuma ya tela, akarudi kukata mengine. Semitrela iliyokuja ilikuwa kwenye themanini, mwendo halali kabisa kwa gari la mzigo. Sasa piga hesabu: kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Majani yetu yalimpa mwenzetu sekunde mbili na kidogo. Gari lenye breki nzuri kwa mwendo huo linahitaji zaidi ya mita 80 kusimama, na hapo tunazungumzia lami kavu na dereva asiyesinzia. Alikata usukani, akakwangua turubai letu na kuondoka na taa ya nyuma. Utingo nilimkuta mtaroni, panga bado mkononi, akiniuliza kama nimeumia.

Ninachoomba kwa barabara hii si kitu kigeni. Ni tawi lile lile, ila likae kilomita mbili nyuma, liwake usiku, na lijiondoe lenyewe foleni ikiisha.

Wenzetu wanalo zamani. Uholanzi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, walianza kutega nyaya chini ya lami za kuhesabu magari na kupima mwendo wake. Magari yakianza kutambaa mahali fulani, vibao vya taa vilivyo nyuma ya hapo vinajiwasha vyenyewe: cha mbali kinasema 70, cha karibu 50. Dereva anaikuta foleni akiwa ameshapoa. Hakuna askari aliyepiga simu wala utingo aliyeruka mtaroni.

Mwanangu yuko Birmingham, Uingereza, na aliwahi kunitumia video akiwa kiti cha abiria kwenye barabara yao ya M42. Juu ya lami zimevuka fremu za chuma, na juu ya kila njia kuna namba inayowaka: 60, kisha 50, kisha 40. Barabara mbele naiona nyeupe, lakini magari yote yanapungua kwa pamoja kama yanavutwa na kamba moja. Nilimwuliza, hao wanaogopa nini? Akanijibu, subiri. Dakika tatu baadaye wakaifikia foleni, ila ilikuwa foleni inayotembea.

Siri yake dereva yeyote wa masafa anaijua, hata kama hajawahi kuipa jina. Magari yakibanana, wa kwanza akigusa breki, wa pili anakanyaga, wa tano anasimama kabisa, na wa hamsini anakaa dakika kumi bila kuona ajali wala gari bovu, akilaani tu. Barabara iliyosimama hivyo inapitisha magari machache kuliko ingepitisha kama wote wangekwenda 50 bila kusimama. Kwa hiyo kibao kinachokupunguza mapema hakikucheleweshi. Kinakuzuia usilete gari la ziada mahali ambapo tayari pamejaa.

Waingereza walianza majaribio yao ya M42 mwaka 2006, kwenye kilomita 17 hivi pembeni ya Birmingham, na ajali za kujeruhi zikapungua kwa zaidi ya nusu. Lakini walifanya na jambo jingine ambalo sisi tunalifanya kila jioni bila kibali cha mtu: kutanua. Msongamano ukizidi, vibao viliruhusu magari kupita kwenye ukingo wa barabara, ule wa kuegesha gari lililoharibika. Kwenye majaribio yale walijenga vituo vya dharura karibu kila mita 500, kamera zikiangalia kama kuna aliyekwama. Kisha wakanogewa. Barabara nyingine zilizofuata ukingo ukageuzwa njia ya kudumu, na vituo vya dharura vikaachana hadi kilomita mbili na nusu. Watu waliokwama kwenye njia hizo wakagongwa wakafa, familia zao zikapiga kelele miaka, na Aprili 2023 serikali yao ikatangaza kwamba mpya za aina hiyo hazitajengwa tena.

Nalieleza hili ili asije mtu akatuletea mpango wote kama ulivyo kwenye karatasi. Kwetu ukingo wa barabara ni wa mwenda kwa miguu, bodaboda, mama wa mahindi ya kuchoma na mtoto wa shule. Tuchukue vibao vya mwendo na onyo la foleni. Kutanua tuwaachie wenyewe.

Kuna na suala la kuchomekea, ambalo kwa maoni yangu linatengeneza foleni kuliko wingi wa magari. Kimara hadi Kibaha tumepanuliwa njia, kilomita 19.2, na nashukuru, anayekumbuka ile ya zamani hawezi kubeza. Lakini pale magari ya barabara za pembeni yanapoingia, yanaingia kwa mafungu, kila mtu na pua yake, na njia nzima inakanyaga breki. Marekani hili wanalidhibiti kwa taa ndogo kwenye maingilio, inayoachia gari moja, inatulia, inaachia jingine. Wakazi wa Minneapolis na St. Paul waliona ni usumbufu mtupu kusubiri kwenye taa hizo, na mwaka 2000 wanasiasa wa jimbo la Minnesota wakaagiza zote zizimwe kwa majaribio, taa zaidi ya 400, wiki kadhaa. Ajali zikapanda kwa asilimia 26, safari zikarefuka kwa asilimia 22. Taa zikawashwa tena, ingawa si zote. Mwenye kutaka mjadala wa namna hiyo hapa kwetu angalau angekuwa na namba za kubishania.

Na wala hatuanzi kwenye sifuri. Wakazi wa siku nyingi wa Dar wanaikumbuka barabara ya Morocco hadi Mwenge ilipokuwa na njia tatu, ya katikati ikigeuzwa mwelekeo asubuhi na jioni, kabla Rais Magufuli hajaelekeza fedha za sherehe za Uhuru za 2015 kwenye upanuzi wake. Kugeuza njia huko nako kulikuwa usimamizi wa barabara kulingana na saa. Mabasi ya mikoani leo yamefungwa kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kinachotuma mwendo na mahali basi lilipo. Hadi sasa tunakisikia dereva anapozidisha mwendo, basi. Lakini mabasi kumi yakionekana yanatambaa kilomita tano kwa saa sehemu moja kati ya Vigwaza na Chalinze, hiyo si habari ya mwendokasi, ni habari ya foleni, na tayari imeshafika kwenye kompyuta. Kinachokosekana ni kibao cha kumwambia anayetoka Kibaha.

Kwa sasa kazi hiyo tunaifanya wenyewe, kwa kupigiana taa na kwa simu. "Vipi huko mbele?" ndilo swali linaloulizwa zaidi kwenye magrupu ya madereva, na linajibiwa na mtu aliyeshika usukani kwa mkono mmoja. Hata kupigiana taa kumeharibika, kwa sababu ukipigiwa hujui kama ni ajali au ni trafiki ana tochi ya kupimia mwendo kwenye kona.

Hapa ndipo nategemea kupingwa. Wapo watakaosema Mtanzania hatii kibao, kwa hiyo hizo fedha ni za kutupa. Mimi nasema Mtanzania hatii kibao kinachodanganya. Kibao cha 50 kipo porini, kijiji kimeisha kilomita moja nyuma, kibao cha kuruhusu hakipo, kimeng'olewa kikawa chuma chakavu, lakini tochi ipo. Dereva akidanganywa hivyo mara mia, namba kwake inakuwa mapambo, na siku moja ya mia ndiyo yenye watoto wanaovuka. Majani tunayatii kwa sababu mara nyingi ni ya kweli. Nasema mara nyingi: wapo wanaotengeneza gari wakaondoka, wakaacha majani barabarani, na wengine wakaacha hata mawe waliyozuilia matairi. Hao ni wauaji, sina neno jingine.

Kwa hiyo kibao cha taa kikiwekwa, sharti lake la kwanza kizimike foleni inapoisha. Kikisema 40 barabara ikiwa tupu wiki nzima, kitaungana na ndugu zake wa porini. Na kisiwe mtego wa faini tangu siku ya kwanza. Tuache tukizoee na tukiamini, faini zije baadaye kwa mkaidi.

Naandika sasa kwa sababu kuna mpango wa barabara ya kulipia Kibaha hadi Chalinze, kilomita 78.9, na baadaye mpaka Morogoro. Kupitisha nyaya na kusimika nguzo wakati lami haijamwagwa ni rahisi kuliko kuja kupasua baadaye. Lakini ombi langu zaidi ni kwa ile ya bure, ambayo malori mengi yatabaki nayo, kwa sababu tajiri anayehesabu lita za dizeli atahesabu na tozo. Vibao vinne au vitano tu, na winchi ya kuvuta magari inayolala Mlandizi badala ya kuitwa kutoka mjini, vingebadilisha usiku wa watu wengi.

Wahusika wakitaka kujua kibao cha kwanza kikae wapi, wasianze na ramani. Wawaulize mautingo wa malori. Watawaonyesha miti iliyokatwakatwa kando ya barabara, ile isiyokua ikarefuka. Kuna mmoja kabla ya kuteremkia daraja la Ruvu, mkono wa kushoto ukitoka Dar. Naufahamu vizuri.

Dereva mstaafu wa malori,
Kibaha, Pwani.
(Jina na simu anavyo mhariri.)